Kabla ya kufuma tunakuuliza: sweta hili atalifua nani?

Juzi mama mmoja alifika dukani kwetu hapa Moshi na picha kwenye simu: sweta zito la rangi ya maziwa, lina misuko mifulizo kifuani kama nywele za twende kilioni, shingo imekunjwa mara mbili. Binti yake anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, naye anataka asafiri nalo mwezi wa saba. Alitegemea tumtajie bei. Sisi tukamuuliza kwanza, "Mama, sweta hili atalifua nani?"

Akafikiri kidogo. "Si mwenyewe, huko huko bwenini. Beseni na sabuni ya mche."

Jibu hilo ndilo lililochagua uzi, na uzi ukachagua karibu kila kitu kingine. Wateja wengine huona swali letu ni la kupoteza muda, kwa hiyo leo tulieleze vizuri.

Tuanze na picha zenyewe. Huanza kumiminika mitandaoni mwezi wa tisa na wa kumi, kwa kuwa Ulaya na Marekani ndipo majani yanapopukutika na watu wanatoa sindano wajiandae kwa theluji. Kamusi huyaita majira hayo vuli. Vuli yetu sisi ni mvua, na nyuma yake kuna jua la Januari. Baridi yetu ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, hivyo kwa mtu wa Kilimanjaro wakati wa kufuma ni huu, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Na sweta lililobuniwa kwa ajili ya theluji, Moshi mjini utalivua saa nne asubuhi. Marangu juu au Rombo, alfajiri ya Julai, utalishukuru. Kwa hiyo tunauliza pia litavaliwa wapi.

Sweta la kwenye picha ile lilikuwa la sufu. Sufu ni manyoya ya kondoo, na kila unywele wake una magamba madogo sana yaliyolalia upande mmoja. Ukiitia kwenye maji ya moto na kuisugua, magamba hayo hushikana, na kadiri unavyosugua ndivyo yanavyozidi kubanana. Sweta la msichana wa miaka kumi na saba linatoka kwenye beseni likiwa nene, gumu, la kumtosha mdogo wake wa darasa la tatu. Hakuna fundi wa kulirudisha. Ipo sufu iliyotibiwa kiwandani ili isisinyae, lakini si rahisi kuipata huku. Ndiyo maana mtoto wa bweni tunamshauri akriliki, uzi wa kiwandani usio wa manyoya. Inavumilia kusuguliwa, inakauka upesi, nondo hawaitaki. Adui yake ni pasi. Ule ukingo wa kiunoni na mikononi, wa vitanzi viwili mbele na viwili nyuma, unaovutika kisha ukarudi, ukipigwa pasi ya moto mara moja tu unalala na haunyanyuki tena. Tumeletewa masweta mengi ya shule "yaliyolegea" ambayo kosa lake lilikuwa pasi ya mkaa, wala si fundi aliyeyafuma.

Kwa mtu wa mlimani tunasema kinyume kabisa. Anayepanda kuelekea Uhuru, mita 5,895, anatoka kambini usiku wa manane, maji yanaganda kwenye chupa, huku mwili wake unatoa jasho kwa kupanda. Sufu hunyonya unyevu mpaka karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaisikia kuwa imelowa, na hata ikilowa inabakiza joto. Pamba ikilowa inakuwa baridi na kukunyonya joto. Mzula wa pamba hatumfumii mtu wa mlimani, hata akiuomba kwa kuwa ni wa bei nafuu. Tunamwambia aongeze fedha kidogo, au asubiri mpaka aipate.

Uzi ukishajulikana, hatuanzi sweta. Tunafuma kipande cha mraba, sentimita 15 kila upande, tunakifua vilevile sweta litakavyofuliwa, tunakilaza kikauke, ndipo tunahesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati. Hii ndiyo siku mbili tatu ambazo wateja huziona za kucheleweshwa bure.

Tazama hesabu yake. Mtoto ana kifua cha sentimita 72. Tunaongeza 8 ili sweta likae juu ya shati bila kubana, inakuwa 80. Maelekezo yanasema vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, kwa hiyo fundi anaanza na vitanzi 160 kuzunguka mwili. Lakini uzi ulioletwa ni mwembamba kidogo, au fundi huyu mkono wake unakaza, na vitanzi vinavyoingia katika sentimita 10 ni 22. Vitanzi 160 vilevile sasa vinatoa karibu sentimita 73. Zile 8 za kupumulia zimekwenda. Kama mkono wa fundi unalegeza na vinaingia 18, sweta linafika karibu 89, linaning'inia mabegani. Vitanzi viwili tu. Na huwezi kugundua kwa macho mpaka umefuma nusu, kwa sababu kipande kilicho kwenye sindano hujikusanya na kukudanganya.

Tulijifunza hili kwa machungu. Mwanzoni kabisa tulipokea oda ya masweta sita ya wanafunzi, tukaogopa kuchelewa, tukaruka kipande. Uzi ulikuwa wa rangi ileile ya oda iliyotangulia, tukaamini na unene ni uleule. Manne tuliyafumua yote. Mzazi mmoja alikuwa ameshamwahidi mtoto, na sura ya mtoto yule alipokuja kuchukua akakuta hakuna kitu, mimi sijaisahau. Tangu siku hiyo hakuna sweta linaloanza bila kipande, na kipande hatukitozi fedha.

Wengi hutuletea uzi wao, na hapo tuna ombi. Nunua wote kwa mara moja, tena soma namba ya mchovyo (lot) kwenye karatasi ya donge, maana nyuzi za rangi moja zilizochovywa siku tofauti hupishana kidogo, na tofauti hiyo huonekana juani kama kiraka. Sweta la mtu mzima kwa uzi wa kati hula kama gramu 500. La mtoto wa miaka minane, karibu 300.

Njia nyingine, nami naipenda sana, ni mitumba. Pale soko la Memorial unaweza kuokota sweta la sufu safi kwa bei ndogo kuliko uzi wake, ukatuletea tulifumue. Kabla ya kulipa, ligeuze nje ndani utazame mishono ya ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, liache, kwa sababu kila safu imekatika na utapata vipande vifupi vifupi. Ukiona kingo nzima zilizounganishwa kwa mshono mwepesi, uzi utatoka mrefu. Kwenye lebo tafuta maneno wool, lana, laine au Wolle. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi kidogo uuwashe kwa kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linavunjika; akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu; pamba inanuka karatasi.

Wapenzi wa krosheti nao wana lao. Ukipakua maelekezo, tuambie yametoka nchi gani. Kitanzi kifupi ambacho Marekani wanakiita cha "moja", Uingereza wanakiita cha "mbili", na cha "mbili" cha Marekani ni kirefu zaidi. Blanketi la mtoto mchanga likifumwa kwa kuchanganya linatoka na matundu ya kupitisha vidole vyake.

Kwa yeyote anayetaka sweta la kipupwe: fundi wetu mmoja huchukua wiki mbili hadi tatu kwa la mtu mzima, na misuko kama ya kwenye picha ile huongeza wiki. Oda za Juni tunazipokea mpaka mwisho wa Aprili, kwa malipo ya nusu. Njoo na sweta la zamani linalomkaa vizuri mvaaji, hata kama limechanika, kwa kuwa tunapima juu yake kwa usahihi kuliko kwa futi mwilini. Kwa mtoto tunaongeza urefu wa mikono na kuukunja.

Binti wa kidato cha tano tumemchagulia akriliki nene, misuko imebaki ileile. Kipande chake kilikauka jana: vitanzi 19.