Malalamiko: seva mbili mlizotufungia zimeandika kwenye diski moja kwa wakati mmoja

Assalaam alaykum,

Hii mara ya tatu nawatafuta, mbili za mwanzo nilipiga simu nikaambiwa fundi yuko njiani, mpaka leo hajafika. Mie ndo naangalia kompyuta za lile duka la jumla Darajani mlilolifungia klasta, seva mbili na storeji moja katikati, na bosi kila asubuhi ananiuliza mie, hawaulizi nyie.

Klasta tuliitaka kwa sababu ya umeme. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na sie tuliokaa kizani 2008, halafu tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, hatuhitaji kufunzwa maana ya akiba. Mkatwambia seva moja ikifa volyumu, yaani ile sehemu ya storeji yenye data za duka, inahamia kwa ya pili yenyewe, hata muuzaji wa kaunta hatojua. Tukalipa.

Jumamosi umeme ukakatika ukarudi. Seva zote mbili ziko kwenye yupiesi, ile betri ya akiba, hazikuzima hata moja. Kilichozima ni ile swichi ndogo ya mtandao mlioichomeka ukutani hivi hivi, na mazungumzo yote ya seva mbili mmeyapitisha kwenye swichi hiyo hiyo peke yake, basi kila moja ikaona mwenzake kimya, ikadhani kafa, ikachukua volyumu. Storeji ina nyaya zake mbali, ilikuwa inapatikana vizuri tu, kwa hiyo zote mbili zikawa zinaandika kwenye ext4 moja, ndo mfumo wa mafaili wa diski ile, na ext4 haikutengenezwa kufunguliwa na seva mbili pamoja, kila moja inajua yuko peke yake. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hichi kilizama khasa.

Fundi wenu kwenye simu ati tatizo umeme. Umeme umefanya nini? Seva kabla ya kuchukua volyumu inatakiwa ihakikishe mwenzake kazimwa, imzime yenyewe kupitia ile porti ya menejimenti nyuma, ndo fensingi hiyo. Nimekwenda kuangalia, porti zote mbili tupu, hata waya hamna. Nikafungua mipangilio ya Pacemaker, programu inayoendesha klasta, nikakuta fensingi imezimwa, na hapo nikakumbuka siku ile fundi alisema "inasumbua hii, tutaiwasha baadae". Kura ya tatu, ya kuamua seva ipi iendelee zikipoteana, pia hamkuweka, na kikompyuta kidogo cha bei rahisi kingetosha.

Bekapu ilokuwepo ni ya Alkhamisi usiku, na hiyo niliweka mie kwenye diski ya nje, haimo kwenye kazi yenu. Ankara za Ijumaa na Jumamosi tumeziandika upya kutoka vitabu vya risiti, watu wanne, siku mbili, na bado kuna wateja wawili hatuelewani wanadaiwa ngapi.

Nnachotaka mje muunganishe zile porti, muwashe fensingi, muweke waya wa pili wa seva kwa seva usiopita kwenye swichi, na kura ya tatu. Bila ya kutulipisha tena. Halafu Jumamosi baada ya adhuhuri, duka likishafungwa, nichomoe swichi mwenyewe na fundi amesimama hapo hapo, kisha nichomoe na seva moja, tuone volyumu inahama au haihami. Ile sehemu ya malipo iliyobaki iko kwa bosi na haitoki mpaka nimwambie nimeona kwa macho yangu.

Msimamizi wa kompyuta,
Darajani, Unguja