"Imekarabatiwa" lini, na kitu gani hasa?

Mhariri,

Matangazo ya boti za matanga zilizotumika, zile za safari ndefu, yana neno moja linalobebeshwa mzigo usio wake: "imekarabatiwa". Linakuja na picha za magodoro mapya, mbao zilizopigwa vanishi na skrini inayong'aa mbele ya usukani. Msomaji anadhani chombo cha mwaka 1986 kimezaliwa upya. Ombi letu kwa wauzaji ni dogo: anayeandika neno hilo ataje pia ni kitu gani kilibadilishwa, mwaka gani, na kama kilitolewa mahali pake au kilipakwa rangi juu kwa juu. Mnunuzi asipoyaona hayo kwenye tangazo, ni juu yake kuyatafuta kwenye chombo chenyewe.

Aanze na nyaya zinazoshikilia mlingoti. Kwa kawaida ni waya wa chuma cha pua wa nyuzi 19, na kampuni nyingi za bima huanza kuuliza maswali ukifikisha miaka 10 hadi 15, hata kama bado unang'aa. Chuma cha pua hakishiki kutu kwa sababu kina utando mwembamba unaohitaji oksijeni ili ujirudishe. Maji ya chumvi yanapotuama mahali pasipo hewa, utando huo huisha na kutu hula ndani kimyakimya. Ndiyo maana vichwa vya chini vya nyaya, ambavyo mdomo wake unatazama juu na kukusanya maji kama kikombe, huwa vya kwanza kupasuka. Pitisha kitambaa cha pamba kwenye waya mzima. Uzi uliokatika utakinasa. Kisha chukua lenzi utazame vile vichwa: ufa mwembamba kama unywele unatosha kuwa sababu ya kubadilisha nyaya zote, maana zilifungwa pamoja na zimezeeka pamoja.

Nyaya mpya zikifungwa kwenye bamba za zamani, yaani vipande vya chuma vinavyoshikiza nyaya kwenye mwili wa boti, kazi imefanywa nusu. Bamba hizo hupenya sitaha, na sehemu inayoliwa ni zile sentimita chache zilizomo ndani ya unene wa sitaha, ambazo hazionekani kutoka juu wala chini. Hapa hakuna njia ya mkato. Itolewe angalau moja, ile yenye michirizi ya kahawia chini yake, isafishwe na itazamwe kwenye mashimo ya bolti. Muuzaji akisema zimekaguliwa lakini hazijawahi kutolewa, basi hazijakaguliwa.

Sitaha yenyewe ndiyo inayomaliza fedha za watu wengi. Boti nyingi za faibaglasi zina sitaha ya tabaka tatu: faibaglasi juu, faibaglasi chini, na katikati mbao nyepesi ya balsa. Kila bolti ya nguzo za pembeni, kila bitii ya kufungia kamba, kila dirisha ni tundu. Gundi ya kuziba ikichoka, maji huingia kwenye balsa, nayo huoza na kuwa kama uji. Gonga sitaha yote kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, hatua kwa hatua. Sauti kavu na kali ni njema. Sauti nzito iliyokufa maana yake tabaka zimeachana. Ukarabati wa kweli ni kutoboa tundu kubwa kuliko bolti, kuchokonoa balsa pembeni yake, kujaza epoksi iliyoongezwa unga wa kuifanya nzito, kisha kutoboa upya katikati ya epoksi iliyokauka. Hapo hata gundi ikivuja, maji hayagusi mbao tena. Kupaka rangi mpya ya kuzuia utelezi juu ya balsa iliyooza ni kazi ya siku mbili, nayo hupendeza sana pichani. Sitaha iliyopakwa rangi juzi igongwe zaidi.

Cha ajabu, wanunuzi huogopa zaidi malengelenge yaliyo chini ya maji. Ni kweli, malengelenge yanayotoa majimaji yenye harufu ya siki ni dalili kwamba maji yamepenya faibaglasi. Lakini machache, madogo, ni nadra kuzamisha chombo. Swali la maana ni kama chini palikwanguliwa na kupakwa epoksi, na kama chombo kiliachwa nchi kavu muda wa kutosha kukauka kabla ya hapo. Kazi hiyo huchukua miezi, na kipimo cha unyevu ndicho kinachoamua. Epoksi iliyofungia unyevu ndani italeta malengelenge yale yale.

Chombo kikiwa nchi kavu, tazama mahali mkuku unapokutana na mwili. Ufa unaochirizika kutu unaonyesha kwamba maji yamefikia bolti. Usukani nao, ule ubao wa majini unaogeuza chombo, kama ni wa faibaglasi, una mifupa ya chuma ndani. Ukiendelea kudondosha maji siku kadhaa baada ya chombo kupandishwa, mifupa hiyo inaoga. Kwaruza vali zinazopitisha maji kwenye mwili wa boti. Brasi ya kawaida ikipoteza zinki hugeuka rangi ya waridi na kubaki laini, ikavunjika kwa pigo dogo la nyundo. Zinazofaa ni za bronzi, za brasi maalumu isiyopoteza zinki, au za nailoni iliyoimarishwa kwa faibaglasi. Kila vali ifunguke na kufungwa kwa mkono, na kando yake ifungwe kipande cha mbao kilichochongwa cha kuzibia.

Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa. Ukifika ukaikuta imeshapashwa moto, rudi siku nyingine. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua yote, wa bluu ni oili, mweupe usiokoma huweza kuwa mvuke wa maji au dizeli ambayo haikuungua. Baharini iongezwe hadi mwisho gia ikiwa imeingizwa, dakika kumi hivi: ifikie mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, na joto lisipande. Ikishindwa, huenda chini kuna uchafu, rafadha si ya kipimo chake, au kiwiko cha eksozi kimezibwa na masizi. Hicho kiwiko ni kipuri cha kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, lakini mara nyingi kinarukwa kwa sababu hakionekani.

Umeme ndiko ukarabati wa siku hizi unakojivunia, na ndiko tunakoona makosa mengi mapya. Betri za lithiamu hupokea chaji kwa pupa. Alteneta, mashine ya injini inayochaji betri, ya kawaida ya ampea 80 ikilazimishwa kutoa zote mfululizo injini ikienda polepole, feni yake haitoshi na koili zinaungua. Lazima kuwe na kidhibiti cha nje chenye kipima joto, na njia ya kuilinda alteneta endapo saketi ya ulinzi ya betri itakata ghafla, la sivyo daiodi zinakwenda. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, takriban sentimita 18, na nyaya za umeme ziwe za shaba iliyopakwa bati. Dai la "inajitegemea kwa umeme" nalo lipigiwe hesabu. Paneli za wati 400 kwenye jua zuri hutoa kiasi cha ampea-saa 100 kwa siku kwenye volti 12. Friji inaweza kula 50, na usukani wa kujiendesha ukifanya kazi mchana na usiku unaweza kumaliza zote zilizobaki na kuzidi.

Vitu hivyo vyote vina uzito. Mtazame mstari wa maji: ukiona umechorwa upya juu ya ule wa zamani, chombo kimezama kwa mizigo, na matanga hayatakisukuma kama mchoro wa kiwandani unavyodai.

Matanga hayahitaji maneno mengi: kwaruza mishono kwa ukucha, uzi ukikatika, jua limekwisha kuula. Kwenye gesi ya kupikia, kisanduku cha mtungi kiwe na tundu la kutolea nje ya boti, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia ngamani, ikisubiri cheche.

Mkaguzi aajiriwe na mnunuzi, asiwe aliyependekezwa na dalali, na mlingoti upandwe na fundi wa milingoti, kwa sababu wakaguzi wengi huishia usawa wa sitaha. Hati za umiliki na uthibitisho kwamba hakuna deni lililosajiliwa juu ya chombo zionekane kabla ya malipo yoyote, maana madeni ya aina hiyo hukifuata chombo hata kikibadilisha mwenyewe.

Tangazo tunalolitaka linaingia kwenye mistari minne tu: "Nyaya zote na bamba zake mpya 2019, bamba zilitolewa, picha zipo. Vali 7 za bronzi 2021. Kiwiko cha eksozi 2022. Sitaha: sehemu mbili upande wa kushoto zina unyevu, hazijatengenezwa."

Ni sisi,
Mafundi wa vyombo vya matanga