Katika mpango wa amri, sikio nalo lihesabiwe

Bwana Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu upangaji wa amri jeshini ilieleza vizuri redio, ramani na satelaiti, lakini haikumgusa mtu anayepokea amri usiku wa manane akiwa hajalala. Mimi si mwanajeshi. Nilikuwa opereta wa fonii, yaani redio ya kupokezana ujumbe, hapa Bukavu kwa miaka 11, katika kampuni ya mizigo.

Usiku mmoja, nikiwa katika zamu ya pili mfululizo kwa kuwa mwenzangu hakufika, niliagizwa kwa Kifaransa mapipa «six» (sita) ya mazuti, nikaandika «dix» (kumi). Penye mkwaruzo maneno hayo ni mapacha, na kwa vile mara iliyotangulia yaliagizwa kumi, sikuona haja ya kuuliza. Hasara ilikuwa ya mafuta tu.

Jeshini hasara ni roho za watu. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, USS Vincennes, iliitungua ndege ya abiria ya Iran katika Ghuba ya Uajemi, wakafa watu 290. Kumbukumbu za mitambo ya manowari hiyo zilionyesha kwamba ndege ilikuwa ikipanda, ilhali mabaharia waliripoti kuwa inashuka kuwaelekea: walikuwa wakipambana na boti wakati uleule, wakitazamia kushambuliwa kutoka angani, basi wakayaona waliyoyatazamia. Mtambo haukudanganya.

Kwetu Kongo kuna mzigo wa ziada. Kilingala kimekuwa lugha ya jeshi tangu enzi za Wabelgiji, maofisa huandika kwa Kifaransa, na askari wengi wa huku mashariki wamekulia Kiswahili, hata amri moja huweza kuvuka lugha tatu kabla ya kumfikia anayeitekeleza. Na kila kivuko hutoza ushuru wake.

Ndiyo maana naomba wapangaji waandike ndani ya mpango wenyewe kwamba mpokeaji ataieleza amri upya kwa lugha anayoimudu, badala ya kuitika «bien reçu», yaani «nimepokea vizuri» (neno ambalo mimi nimelitamka mara nyingi bila kuelewa kitu), na kwamba saa za usingizi za maopereta zitahesabiwa mapema kama risasi na mafuta yanavyohesabiwa.

Baada ya kosa langu, mkubwa wangu hakunigombeza. Alinipa daftari, akaniamuru niandike kila idadi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha nimsomee aliyeituma kwa Kiswahili, hata akikasirika. Walikasirika sana, na mara mbili katika mwezi wa kwanza walilazimika kunisahihisha.

Opereta mstaafu,
Kadutu, Bukavu