Mafundi wasiharakishe kusema bodi imekufa

Kwa Mhariri,

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wenye kompyuta za mezani hapa Kisumu wamekuwa wakizipeleka kwa mafundi ziongezewe ramu (kumbukumbu ya kazi) au zibadilishwe prosesa (chipu iliyo ubongo wa kompyuta) ili ziweze kupokea Windows 11. Malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara ni kwamba mashine iliyoingia dukani ikiwaka hutoka ikiwa haiwaki, na mwenyewe huambiwa bodi, yaani ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, imekufa, anunue nyingine. Naomba nafasi katika gazeti lako niipinge hukumu hiyo.

Prosesa ndiyo inayowaponza wengi. Zile za Intel za kizazi cha sita na cha saba hukaa katika soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) iitwayo LGA 1151. Za kizazi cha nane, zilizotoka mwaka 2017 na ambazo kwa kawaida ndizo Windows 11 huanza kuzikubali, hukaa katika soketi yenye jina na umbo hilohilo, ila mpangilio wa pini zake za umeme ulibadilishwa. Ukiipachika prosesa ya kizazi cha nane katika bodi ya zamani, inaingia bila taabu, feni zinazunguka, lakini skrini inabaki nyeusi. Hapo kwa kawaida hakuna kilichokufa. Prosesa ya awali ikirudishwa, mashine huwaka. Hata pale bodi na prosesa zinapopatana, huenda baiosi, programu ndogo ya bodi inayoiamsha mashine, ikahitaji kusasishwa kwanza, kazi ambayo kwa bodi nyingi hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani.

Kasoro nyingine ni ndogo mno: ramu haikushindiliwa hadi vibanio vikabana, waya wa umeme wa prosesa umesahauliwa, au kebo ya monita imeachwa kwenye bodi ilhali kadi mpya ya picha ina tundu lake. Fundi makini huchomoa waya wa umeme ukutani, akaondoa vyote vilivyoongezwa, akatoa betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo kwenye bodi kwa dakika chache ili mipangilio ya baiosi irudi ilivyotoka kiwandani, kisha akarudisha kifaa kimoja kimoja huku akiijaribu mashine. Kompyuta nyingi za Dell OptiPlex hata hutaja kasoro zenyewe kwa kumemetesha taa ya kitufe cha kuwashia, lakini ni nadra kumwona fundi akihesabu mimemeto hiyo.

Sikatai kwamba bodi hufa, hasa kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Ninachodai ni kwamba, kabla ya mteja kuuziwa bodi nyingine, fundi aandike kwenye risiti kilichotokea alipovirudisha vifaa vya zamani. Vifaa hivyo navyo ni mali ya mteja. Akabidhiwe siku hiyohiyo, visibaki dukani.

Mtunza maabara ya kompyuta,
Kisumu