Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Malindi, 2024

Wazee wetu, mama zangu na ndugu wanachama, wenye maboti, wauza vinyago na leso, na waongozaji wa watalii hapa ufuoni Malindi: asalaam aleikum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Katika mkutano uliopita niliwaambia tuvute subira, upepo wa kaskazi wa mwisho wa mwaka ukivuma watalii watarudi. Kaskazi imevuma, na leo mnanitazama kwa macho ambayo nayaelewa. Kwa hiyo sitaanza kwa kuwapa moyo. Nitaanza ufuoni, kwenye maboti.

Maboti mawili ya wanachama wetu, yale ya sakafu ya kioo ya kuonyeshea samaki, yameuzwa mwaka huu. Moja limekwenda Watamu, kwa jirani zetu wa kusini. La pili limeng'olewa kioo, likazibwa kwa mbao, na sasa linakwenda kuvua. Aliyeuza lile la Watamu alisemwa sana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, wengine wakafika kumwita msaliti. Maneno hayo naomba yaishe leo. Boti hufuata abiria, na abiria wako Watamu. Upande wa vinyago na leso, kuna meza pale ufuo wa Silversands hazijafunuliwa tangu Pasaka, na wanaolipa ada kila mwezi hawafiki nusu yetu. Hesabu zenyewe mweka hazina atawasomea. Mimi nitasema tu kwamba mara mbili mwaka huu tulishindwa kutoa rambirambi kamili kwa familia zilizofiwa, na tangu nijiunge na chama hiki jambo hilo sikuwahi kuliona.

Ukiuliza barazani kwa nini, utajibiwa neno moja: usalama. Jibu hilo lina ukweli wake, na orodha yake naijua tangu nikiwa msichana wa kubeba leso begani. Vurugu za Likoni, Agosti 1997. Bomu la Kikambala, Novemba 2002. Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2011 watalii wakatekwa Kiwayu na Manda, huko Lamu. 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, na serikali za Ulaya zikawaonya raia wao. Novemba 2018 Mtaliano aliyekuja kufanya kazi ya kujitolea alitekwa Chakama, nyuma ya mgongo wetu kabisa, na mpaka anaachiliwa Mei 2020 korona ilikuwa imeshafunga viwanja vya ndege. Tukadhani tumemaliza. Mwaka 2023 ukaja mkasa wa dhehebu la Shakahola, maiti zaidi ya 400 wakafukuliwa msituni, na jina la Malindi likawa linatajwa kila usiku kwenye runinga za dunia. Mungu awarehemu wale watu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi.

Lakini Diani, kule kwenye hoteli za kusini ya Mombasa, nako ni Kenya. Likoni iko mlangoni kwao, si kwetu. Maonyo ya Ulaya yaliwakuta, korona iliwakuta, na leo ukienda Diani utatafuta chumba. Na mwaka huu wa 2024, pamoja na mafuriko ya masika na maandamano ya Juni, nchi yetu imepokea wageni wa nje zaidi ya milioni 2.3, idadi ambayo kabla yake ilikuwa haijawahi kufikiwa. Wageni wamekuja. Sisi wametupita.

Wametupita hata kwa barabara. Ndege za kukodi kutoka Italia zinatua Mombasa, wageni wanapandishwa basi, na basi likifika Gede linakata kulia kwenda Watamu. Anayebaki ndani kuja mpaka kwetu ni mzee mwenye nyumba yake mtaa wa Casuarina, na mizigo yake. Uwanja wetu wa ndege njia yake ni fupi, haibebi ndege kubwa za kutoka Ulaya, na habari ya kuirefusha nimeisikia tangu mwanangu wa kwanza hajaanza shule. Mwanangu huyo sasa ana wanawe. Wageni wa Nairobi nao, tangu treni ya SGR ianze 2017, wanashuka stesheni ya Miritini, Mombasa; hapo Nyali ni karibu, Diani ni kuvuka tu, sisi tuko kilomita kama 120 mbele.

Na wanaofika wanaikuta bahari gani? Hapa nataka tukae kidogo, maana ni jambo tunaloliona kila siku hata tumeacha kulisema.

Mto Sabaki unamwaga maji kaskazini kidogo ya mji. Maji hayo yanaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi yakiitwa Athi, yanapita Ukambani, yanakuwa Galana, na kote huko yanakokota udongo wa mashamba yaliyokatwa miti. Wakati wa upepo wa kusi mkondo hulipeleka tope kaskazini, upande wa Ngomeni. Kaskazi ikishika, mkondo unageuka na kulileta kwetu. Yaani mvua za vuli zinaujaza mto Novemba, halafu Desemba, mwezi ambao mgeni amelipia bahari ya buluu, anafungua dirisha anaona chai ya maziwa. Mwaka huu mgeni mmoja aliniuliza kama kuna kiwanda kinachomwaga uchafu. Nikamwambia kiwanda ni mto. Hakucheka.

Mchanga wa mto huo huo ndio umeujaza ufuo wa mjini. Wazee waliofanya kazi katika hoteli za zamani watawaambia kwamba maji yakijaa yalikuwa yanapiga ukuta wa bustani. Leo kutoka ukuta ule ule unavuka uwanja mzima wa mchanga wenye vichaka kabla hujalowesha kidole. Aliyejenga hoteli ya ufuoni amebaki na hoteli, ufuo umehama. Wapo wanaotegemea bwawa la Thwake linalojengwa Makueni, kwamba litazuia tope huko juu. Mimi nasema tusiweke rehani ada za watoto kwa bwawa la Makueni. Kusini ya mnara wa Vasco da Gama hali ni nafuu: Silversands, Casuarina, na hifadhi ya bahari iliyotangazwa tangu 1968. Joto la 1998 lilipausha matumbawe mengi mle ndani, lakini samaki wapo na maji yanaonekana. Na fungu la mchanga la Mayungu, ambalo Wataliano wamelibatiza Sardegna Due, bado ni zuri kuliko picha zake, mradi uende siku za bamvua maji yakiwa yamekupwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua litaleta kelele. Tatizo letu kubwa ni kwamba tulizoea mgeni wa aina moja.

Hoteli za kwanza hapa zilifunguliwa na Waingereza miaka ya 1930. Hemingway mwenyewe alikuja miaka hiyo kuvua samaki wa bahari kuu. Waingereza wakapungua. Miaka ya 1960 Wataliano wakajenga kituo chao cha roketi Ngomeni, San Marco. Mwaka 1970 ikarushwa hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Wahandisi wale wakaiona pwani, wakaita jamaa zao, na jamaa wakaita jamaa. Ndipo mtoto wa mtaa wetu wa Shella akajua kuhesabu Kitaliano kabla ya Kiingereza, na mji ukawa na piza kuliko mkate wa mofa. Tulikula, sikatai. Nyumba yangu ya mawe imejengwa kwa leso za Wataliano. Lakini wale waliojenga zile vila wamezeeka, wengine wamezikwa hapa hapa, na watoto wao wanakwenda Zanzibar. Piteni Casuarina muone mageti yenye bango la VENDESI, yaani inauzwa, jua limeshafifiza herufi. Wanaokuja hotelini nao wamelipia kila kitu kabla hawajatoka kwao: chakula, kinywaji, hata safari ya boti, kinyago chako wataangalia wakiwa upande wa pili wa ua. Na vijana wetu walioongea Kitaliano cha kumtoa nyoka pangoni leo wanabeba sinia Doha na Dubai.

Tumebaki tunamngoja mgeni ambaye hayupo, na aliyepo tunamwona si mgeni. Nitasema lililotokea wiki ya Krismasi, bila jina la mtu. Ilikuja familia kutoka Nakuru, baba, mama, bibi na watoto watano. Wakauliza boti la kwenda kwenye matumbawe. Mwanachama wetu mmoja akawatajia bei ambayo hata Mtaliano wa 1995 angeshtuka. Wa pili akawafuata nyuma akipunguza nusu, wa tatu akamshika mtoto mkono kumvalisha bangili, kisha akadai pesa ya bangili. Yule bibi, mama mtu mzima, akaketi mchangani akasema, "Nimekuja kuona bahari mara moja kabla sijafa, na hata hiyo mnaniuzia." Niliitwa. Niliwarudishia pesa ya bangili kutoka mfukoni mwangu, nikawapeleka kwa bei ya kawaida. Walifurahi, lakini jioni ile video ilikuwa imeshatembea, na ukiitazama mwisho utaniona mimi pia, nikihema kama niliyetoka kuiba.

Familia ile ilikaa siku nne. Ilikula mjini, si hotelini. Ilipanda tuktuk asubuhi na jioni, ikaenda Gede, ikaenda Marafa, ikanunua halua na achari. Hesabuni wenyewe ni mikono mingapi ilipata. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Sisi tumeongeza masharti ya rangi yake.

Kuna wageni wengine, na hili nalisema kama mama, ambao kutokuja kwao sitakulilia. Utafiti wa UNICEF na serikali wa 2006 uliitaja Malindi kwa jina kuhusu watoto wanaotumiwa kingono na watu wazima, wageni na wenyeji. Miaka imepita na bado tunawaona, na tunajua nani huwapelekea. Mwanachama atakayehusika kwa njia yoyote, hata kwa kufikisha ujumbe tu, atatolewa chamani na atapelekwa polisi. Sitarudia.

Kuhusu ile kamba iliyofungwa na hoteli moja kutuzuia kupita: tulizungumza na meneja mara tatu. Ufuo ni wa umma, na kamba ilitolewa Septemba. Naye alikuwa na lake: wageni wake wanalalamika kwamba wakitia mguu tu mchangani wanazingirwa na watu kumi. Nilitaka kumbishia nikakosa neno.

Habari moja njema ya mwaka huu ilikuja Julai, pale mji wa kale wa Gede ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka hapa ni kama kilomita 15. Wenzetu wa Watamu wako karibu nao zaidi na nina hakika wameshachapisha vipeperushi. Waongozaji wetu sita wameomba kufundishwa historia ya Gede vizuri, si zile hadithi za majini na mashetani tu tunazowapa watu. Kamati imekubali kuwalipia kwa kadiri ya mfuko.

Kamati inaleta mbele yenu mambo mawili ya kupigia kura leo. La kwanza, ubao wa bei pale Silversands na pale penye lango la hifadhi, bei moja kwa boti, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano, bila kujali mtu katoka Milano au Machakos. La pili, zamu: watu wawili tu ndio watakaomkaribia mgeni anaposhuka ufuoni, wengine wakae kwenye meza zao. Najua wapo watakaosema bei moja itawaua. Watapata nafasi ya kusema, na naomba wasikatizwe.

Mimi muhula wangu unaisha Machi na sitagombea tena. Magoti hayataki mchanga. Fomu za wagombea ziko kwa katibu, na mwisho wa kuzirudisha ni mwisho wa mwezi. Anayedaiwa ada hawezi kugombea wala kupiga kura, isipokuwa alipe leo kabla ya chakula.

Namkaribisha mweka hazina.