Risala ya Wanachama wa Klabu ya Elimu ya Nyota kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Klabu za Masomo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Mkoa, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunakushukuru kwa kukubali kuzisikiliza klabu zote, hata hii yetu ambayo shughuli zake huanza wakati wenzetu wanapokwenda kulala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuwa swali hili tumeulizwa hata na baadhi ya wazazi, tunaomba kueleza mapema kwamba klabu yetu haipigi ramli wala haisomi bahati za watu. Tunajifunza nyota ni nini, ziko umbali gani na zimepangwaje angani. Elimu hiyo si ngeni kwa watu wetu, kwani wazee walijua majira ya kilimo kwa kukitazama Kilimia, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sisi tumeongeza kwamba Kilimia ni kundi la nyota zaidi ya elfu moja zilizozaliwa pamoja, ingawa macho matupu huona sita au saba tu, na kwamba mwanga tunaouona leo ulianza safari yake zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Jua letu nalo ni nyota. Katika kitovu chake, ambako joto hufikia takriban nyuzi milioni 15 za Selsiasi, viini vya haidrojeni huungana kuwa heli na kutoa nishati inayotuangaza, na kazi hiyo imeendelea kwa takriban miaka bilioni 4.6. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde chache. Mwanga wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, huchukua zaidi ya miaka 4.

Mwaka huu, Mheshimiwa, tulijiwekea swali moja: watu waliwezaje kuupima umbali huo bila kamba, bila gari na bila mtu yeyote kufika huko? Jibu la kwanza tulilipata kwenye hesabu za pembe tulizofundishwa darasani. Dunia inapolizunguka Jua, baada ya miezi 6 huwa imehamia upande wa pili wa njia yake, karibu kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa, na nyota ya karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali. Ukiijua pembe hiyo, umbali unakokotolewa. Mjerumani Friedrich Bessel alitangaza kipimo cha namna hiyo mwaka 1838, lakini tunaona fahari kutaja kwamba Thomas Henderson alikuwa tayari amekusanya vipimo vya Alpha Centauri hapa hapa Afrika, kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1832 na 1833. Alichelewa tu kuvichapisha, hadi mwaka 1839. Nyota aliyoipima tunaiona sisi pia, na jioni za Septemba huwa inaelekea kutua upande wa kusini magharibi, nyuma ya bwalo la shule.

Pembe hizo, hata hivyo, hupungua kadiri nyota zinavyokuwa mbali, na kwa vifaa vya zama zile zilifika mahali zisipimike kabisa. Hapo ndipo tulipokutana na habari za Henrietta Leavitt, ambaye kwa maoni yetu anastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa sayansi. Aliajiriwa na kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa malipo ya senti 30 kwa saa, akikagua picha za anga zilizopigwa kwenye vioo kule Arequipa, Peru. Katika Wingu Dogo la Magellan, kundi kubwa la nyota linaloonekana kama wingu angani, alizitambua nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na mwaka 1912 alionesha, kwa kutumia nyota 25, kwamba zile zenye mzunguko mrefu zaidi, yaani zinazochukua muda mrefu zaidi kung'aa, kufifia na kung'aa tena, ndizo zenye mwanga mkubwa zaidi. Kwa kuwa nyota zote za wingu hilo ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, tofauti ya mwanga aliyoiona ilikuwa tofauti ya kweli ya nyota zenyewe. Anayejua balbu ni ya wati ngapi anaweza kukisia iko mbali kiasi gani kwa kutazama tu inavyofifia. Leavitt alituwezesha kuzijua wati za nyota.

Kipimo hicho kilimaliza ubishi mkubwa. Mwaka 1920 wataalamu walikuwa bado wanabishana kama galaksi yetu, yaani kundi la mabilioni ya nyota ambamo Jua letu limo, ndiyo ulimwengu wote, au kama yale madoa ya ukungu yanayoonekana kwa darubini ni galaksi nyingine. Mwaka 1923 Edwin Hubble, mtaalamu wa nyota wa Marekani, akitumia darubini ya Mount Wilson yenye kioo cha mita 2.5, aliipata nyota ya aina ya Leavitt ndani ya doa la Andromeda, akahesabu siku za mzunguko wake na kupata umbali wa karibu miaka ya nuru 900,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), mbali mno kuwa ndani ya galaksi yetu, ambayo upana wake ni takriban miaka ya nuru 100,000. Leo tunajua Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, kwa maana Hubble hakujua kwamba nyota hizo ziko za aina mbili zenye nguvu tofauti. Walter Baade ndiye aliyelirekebisha hilo katika miaka ya 1950. Leavitt alifariki mwaka 1921 bila kuyaona matunda hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipogundua kwamba nyota ya aina hiyo inaonekana kwa macho matupu kutoka hapa Dodoma, tuliamua kuifuatilia wenyewe. Inaitwa Eta Aquilae, iko katika kundinyota la Tai, na kiangazi hiki tumekuwa tukiilinganisha na jirani zake kila usiku anga linaporuhusu. Inapong'aa zaidi huikaribia nyota iitwayo Delta ya kundinyota hilohilo. Inapofifia hulingana na nyingine iitwayo Iota. Tumeona pia kwamba hupanda haraka na kushuka taratibu. Grafu yetu, iliyobandikwa ukutani upande wako wa kulia, inakaribiana vizuri na mzunguko unaojulikana wa siku 7 na ziada, na tunakiri kwamba Mwalimu wetu wa Fizikia alifurahi kuliko sisi.

Kazi hiyo haikuhitaji fedha ila giza, na giza ndilo linalotupungukia. Taa za ulinzi zilizo karibu na mabweni humulika juu kama zinavyomulika chini, hata Njia Nyeupe, ukanda wa mwanga wa mabilioni ya nyota za galaksi yetu, haionekani tena kutoka uwanjani. Tunaomba, kupitia kwako, taa hizo ziwekewe vifuniko vya juu, jambo ambalo fundi wa shule ametuhakikishia linawezekana kwa mabati. Ombi letu la pili ni darubini ya kioo cha sentimita 20, itakayotumiwa pia na shule jirani. La tatu ni kibali cha wanachama kubaki nje hadi saa nne usiku, chini ya uangalizi wa mlezi wa klabu, katika siku zisizo na mbalamwezi, kwa sababu mwezi huu Andromeda huwa bado iko chini mno saa za mapema.

Ratiba inaonesha kwamba utaondoka saa kumi na mbili jioni. Iwapo utaweza kubaki hadi saa mbili usiku, tutakuonesha Eta Aquilae, na tutakuomba kipimo cha leo ukiandike wewe kwenye daftari letu.

Tunaomba kuwasilisha.