Barua ya wazi kwa Mama Waziri wa Elimu: watoto ninaosomea kufundisha, sikubaliwi kuongea nao

Mama Waziri wa Elimu ya Taifa, jambo yako mama.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Lubumbashi, Kongo, nasomea kufundisha watoto wadogo, wale wa matereneli, miaka mitatu mpaka mitano. Nilizaliwa Kipushi, kilomita kama 30 toka hapa, na siku nilimwambia baba kile nataka kusoma alinyamaza kwanza, halafu akauliza, sasa kuchunga watoto nako kunaombaka diplome? Siku ile sikumjibu. Leo ningemjibu, maana nimeona mtoto wa miaka minne akifikiri mbele ya macho yangu, na jambo lile njo limenifanya nikuandikie. Najua sisi wa taasisi za ualimu tuko chini ya mwenzako wa elimu ya juu, lakini programu ya matereneli iko kwako, mainspekta wako kwako, kwa hiyo naanza na wewe.

Mwaka huu kwenye saikolojia tulisoma Piaget, yule Mswisi wa 1896, na jaribio lake la maji. Unachukua glasi mbili za kufanana, unatia maji kiasi kilekile, mtoto anakubali kama ni sawa, halafu palepale anaona unamwaga ya glasi moja ndani ya chombo chembamba kirefu na unamuuliza, sasa wapi kuna mengi? Mtoto wa miaka minne au mitano mara nyingi anaonyesha kile kirefu. Sisi hiyo tuliisoma ndani ya oditwari, watu wamebanana mpaka madirishani, kila mtu na silabusi yake mkononi, mtoto hata mmoja hakuna, glasi hata moja hakuna. Nikasema moyoni hii nitaifanya kwenye staji, yale mazoezi ya kufundisha.

Staji nilifanya kwenye masomo moja, ni kusema shule, ya prive, jina naliacha. Darasa lilikuwa zuri kweli, viti vidogo vya rangi, alfabeti ukutani, mahali pa kunawa mikono. Siku ya kwanza tu diriketrisi, mama mkuu wa shule, akanieleza kama hapa ni Kifaransa tupu toka mlangoni, mtoto akikuongelesha Kiswahili unajifanya hujasikia.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa miaka minne, nywele zimesukwa na uzi mweusi, kila asubuhi anakaa karibu na dirisha, ameshika kiatu chake cha kushoto. Wiki tatu sikusikia sauti yake. Fomu ya staji, pale kwenye lugha, ina visanduku vitatu: anaongea vizuri, anaongea kidogo, haongei. Nilitia msalaba kwa haongei wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu, na nilianza kufikiri labda mtoto ana shida ya masikio.

Wiki ya nne nikaja na glasi zangu mbili na chupa tupu. Nikauliza kwa Kifaransa sawa vile inatakiwa. Watoto sita wakaniangalia mdomo, mmoja akasema wi, basi. Diriketrisi alikuwa ametoka, na mimi Mama Waziri nakuambia ukweli, niliuliza tena kwa Kiswahili: wapi njo kuko maji mingi? Yule wa dirishani njo alijibu wa kwanza. Akaweka kidole kwenye chupa, akasema, "Huku njo mingi, juu imepanda." Mwenzake akakataa, "Hapana, ni ileile, madamu ametosha tu pale akatia pale." Naye akamrudia, "Basi juu ya nini imefika ku shingo?" Waligombana dakika nzima juu ya maji, wamesimama, na wengine wakaingia. Halafu yule mtoto akanieleza, bila mtu kumuuliza, kama mama yake eko anauzisha makala, ni kusema mkaa, na gunia likipanda juu likafungwa na kamba njo liko na bei, lile linaishia kwa mdomo haliko na bei.

Fikiria, mama. Hakubahatisha. Alikuwa na sababu, ameitoa nyumbani, kwenye magunia ya mama yake, akaileta kwenye chupa yangu. Kitabu kinasema umri wake njo anajibu vile, sawa, lakini kitabu hakikunionyesha ametoa wapi. Na mtoto huyo njo mimi nilimwandika mara tatu kama haongei. Kumbe nilichopima ni Kifaransa chake tu, akili yake sikuigusa, na fomu ile ingebaki kwenye faili hivyohivyo, mwalimu wa mwaka unaofuata angeisoma na kumkalisha nyuma.

Diriketrisi aliporudi akasikia makelele, akaniita kwenye koridoo. Hakunitukana. Aliniambia, wazazi hawalipi minervali, pesa ya masomo, ili mtoto aongee Kiswahili, Kiswahili anacho nyumbani. Na wazazi nawaelewa kabisa, wanajua Ekzetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inafanywaka kwa Kifaransa, wanajua ofisini ni Kifaransa, wanatafutia mtoto mlango. Mimi pia nataka mtoto ajue Kifaransa. Ila mtoto ambaye amefundishwa kukaa kimya miaka mitatu, hicho Kifaransa atakisemea nini? Nyimbo anaimba, ndiyo, anaimba vizuri na mikono juu siku ya fete, muulize wimbo unasema nini.

Sheria yenyewe haikatazi. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 imeandika kama lugha za taifa au lugha za mazingira zinatumika kufundishia na kujifunzia, na Katiba imetaja Kiswahili kati ya zile nne. Tena nazungumzia wale wenye bahati, maana elimu ya bure ya 2019 ilianzia kwa primeri, matereneli ilibaki nje, na watoto wengi wa Katuba na Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, wanafika mwaka wa kwanza hawajawahi kushika kreyo.

Lakini shida inaanzia kwetu, kule tunakotengenezwa walimu. Nimesoma Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha shule za watoto wadogo, nimesoma Montessori na nyumba yake ya watoto ya Roma ya 1907, alama zangu nzuri, yote kwa Kifaransa. Nikikaa chini kwenye mukeka na mtoto sina neno. Ile wanaita motrisite fine nitamwambiaje mama mzazi? Nimefungua kayee, daftari, yangu peke yangu, naandika: kuzoeza vidole. Kupanga kwa kimo. Kutosha, ni kusema kutoa, na kuongeza. Hadisi za Kalulu, yule sungura, nimeandika saba, na michezo ya nzango, ile ya kuruka na kutupa miguu, ambayo dada wakubwa wanacheza, kwa sababu watoto wanahesabu kwa miguu kabla ya kuhesabu kwa midomo. Kayee imefika ukurasa wa 40 na hakuna profesa wa kunikosolea, maana hakuna kozi ambayo inaihusu.

Kwa hiyo naomba hivi. Ongea na mwenzako, tupewe kozi moja tu ya kuendesha darasa la matereneli kwa Kiswahili, na kule Kasai kwa Tshiluba, kila mahali na lugha yake, na kozi hiyo ifanyike mbele ya watoto, hata kumi, hata asubuhi moja kwa wiki, chumba hakikosekani. Mainspekta wako wapewe neno la wazi kama mwalimu anayemjibu mtoto kwa Kiswahili hajafanya kosa.

Na ile fomu, mama. Pale kwenye lugha waongeze mstari mmoja: anaongea lugha gani nyumbani, na umemuuliza kwa lugha ipi. Ya kwangu niliuongeza kwa biki, pembeni, na ule msalaba wa wiki ya tatu nikaufuta.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, elimu ya watoto wadogo, Lubumbashi